Kunguru wa Segerea: Darubini au Jicho Tupu?

Ndugu msomaji, Jumapili mbili zilizopita nilikwenda Segerea kumjulia hali baba yangu mdogo, mzee aliyestaafu kazi ya reli na ambaye siku hizi shughuli yake kubwa ni kufuga kuku wa kienyeji uani kwake. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, bunduki ya upepo imelala mapajani, na juu ya meza ndogo kando yake darubini mpya ikiwa bado ndani ya boksi. Mwanawe, ambaye ana duka la vipuri Kariakoo, alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Nikatoa shikamoo, ikaitikiwa nusu nusu. Hapo nikatambua kwamba nimeingia katikati ya shauri.

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Tetea mmoja alikuwa ameangua vifaranga 11, na sasa walikuwa wamebaki 4. Wale 7 walichukuliwa na kunguru, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe, mzee akitazama. Bunduki anayo, kibali anacho, lakini hapigi kitu. Kijana anasema dawa ni kufunga darubini juu ya bunduki. Mzee anasema darubini ni ya mtu asiyejua kulenga, na kwamba yeye alifundishwa shabaha katika mgambo kwa jicho lake mwenyewe. Basi wote wawili wakanigeukia mimi, kwa kuwa mwandishi wa gazeti hudhaniwa kuwa anajua kila jambo. Sikujua. Lakini niliuliza wanaojua, nikasoma, kisha nikarudi nikashinda uani pale siku nzima tukijaribu. Nakuletea niliyoyaona, maana naamini kwamba nyumba ile si ya pekee mjini yenye ugomvi na kunguru.

Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji wetu. Asili yake ni Bara Hindi, naye aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asaidie kula taka za mji. Alizila kweli, kisha akala mayai na makinda ya ndege wengine, akavuka maji, akatamalaki pwani nzima. Majirani zetu wa Kenya yamewafika yale yale. Mwaka 2024 shirika lao la wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Pale ambapo serikali nzima inahangaika, mzee mmoja wa Segerea na bunduki yake hatawamaliza. Hilo tulikubaliana mapema. Alichotaka mzee ni kuwanusuru vifaranga wanne tu.

Kabla sijaingia kwenye kulenga, neno moja la sheria. Silaha nchini mwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Usimsikilize muuzaji akuambiaye kwamba hii ya upepo ni kama mchezo wa watoto. Nenda kwanza kituo cha polisi, eleza ni chombo cha aina gani unachotaka kununua na kwa kazi gani, ufuate utakaloambiwa. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa. Na wewe mkazi wa Segerea, mahali penye gereza, sina haja ya kukukumbusha kwamba mtu aonekanaye njiani na kitu chenye mtutu begani hataulizwa kwa upole. Kadhalika, ruhusa ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kupiga kila chenye mabawa. Tetere, chozi na ndege wengine wa porini wana sheria yao ya mwaka 2009.

Sasa turudi kwenye shauri.

Bunduki ya upepo ya kawaida haina baruti. Ukiukunja mtutu wake unabana springi nene ndani ya silinda; ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa inairusha risasi ndogo ya madini ya risasi yenye kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5. Juu ya bunduki hiyo viwanda huweka vilengeo viwili. Cha mbele ni kijiti kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu. Cha nyuma ni kibao chenye mfuo mdogo uliochongwa katikati. Mpigaji hukiweka kile kijiti katikati ya mfuo, vichwa vyao vikiwa sawa, kisha hukipeleka kijiti chini ya kile anachotaka kukipiga. Waliopitia mgambo au Jeshi la Kujenga Taifa wanalijua somo hili hata wakiwa usingizini.

Somo hilo lina sharti moja gumu. Jicho linatakiwa kuona vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti: mfuo ulio karibu na uso, kijiti kilicho mwisho wa mtutu, na shabaha iliyo mbali. Jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote vitatu vizuri kwa wakati mmoja. Kijana hulimudu kwa kulirusha jicho haraka huku na huku, kisha akaliacha litulie kwenye kijiti cha mbele, na mengine yawe na ukungu kidogo. Ndiyo desturi iliyo sahihi. Lakini mtu akishapita miaka arobaini, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa. Ndiyo sababu wazee wetu husoma gazeti hili wakiwa wamenyoosha mikono kama watu wanaopima kitambaa. Baba mdogo ana miaka 68. Nilipomwuliza anaonaje ule mfuo wa nyuma, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, naona kama manyoya.”

Kumbe tatizo lilikuwa pale, na mzee mwenyewe alikuwa halisemi. Mtu huona aibu kukiri kwamba jicho lililomtumikia tangu ujana limeanza kumwacha, hasa mbele ya mwanawe aliyekuja na jibu la dukani.

Darubini inaliondoa sharti hilo. Ndani yake mna nyuzi mbili zilizopishana kama msalaba, nazo huonekana mahali pamoja na shabaha, kana kwamba zimechorwa juu yake. Jicho linatazama kitu kimoja tu. Kwa mzee ambaye mfuo kwake umegeuka manyoya, hii ni neema, na si haki kuiita uvivu. Nilimwambia hivyo mbele ya kijana. Kijana akatabasamu. Nikamwomba asitabasamu kwanza.

Tulitundika karatasi juu ya gunia lililojaa mchanga, chini kabisa, mbele ya ukuta wa tofali, tukapima hatua 12. Mzee alipiga risasi 10 kwa vilengeo vya kawaida. Matundu yakasambaa kama ukubwa wa sahani. Darubini ikafungwa. Ilikuwa ya kukuza mara 4, ya bei ya chini. Tulitumia karibu saa nzima kuisawazisha, kwa kugeuza zile skrubu mbili, ya juu na ya ubavuni, mpaka risasi ikaenda msalaba unakoelekea. Kisha kijana akapiga 10, na matundu yote yangefunikwa na kiberiti. Mzee hakusema kitu. Alichukua karatasi ile akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaikunja akaiweka mfukoni.

Kama ningeondoka saa ile, ningekuandikia, ndugu msomaji, ununue darubini, na makala ingekuwa fupi. Lakini tuliendelea baada ya chakula cha mchana, na mambo yakaanza kubadilika.

Kwanza, baada ya risasi kama 40 hivi, matundu yakaanza kuhamia kulia, kisha chini. Mpigaji alikuwa yule yule na karatasi ile ile. Tulipochunguza tukakuta vibanio vya darubini vimeteleza nyuma karibu nusu sentimita. Bunduki ya springi hupiga teke mara mbili: pistoni inapoanza safari bunduki hurudi nyuma, na pistoni inapogota mwisho wa silinda bunduki hurushwa mbele. Darubini nyingi zimetengenezwa kwa bunduki za baruti, ambazo hupiga teke la upande mmoja tu. Teke hili la pili huzilegeza lenzi zake na nyuzi zake, na darubini ya bei rahisi inaweza kufa ndani ya miezi michache ingawa kwa nje inang'aa kama mpya. Anayenunua hana budi kuuliza kama imetengenezwa kwa bunduki za upepo za springi, na kama vibanio vina kizuizi cha kuvizuia visiteleze.

Pili, bunduki ile ni kukuu. Bawaba inayokunjia mtutu imechakaa kidogo, hivyo mtutu haurudi pale pale kila unapofungwa. Kwenye bunduki hii vilengeo vyote viwili vimefungwa kwenye mtutu wenyewe. Mtutu ukiinama, vyenyewe huinama nao, na mlengo haupotei. Darubini hukaa juu ya silinda. Mtutu ukiinama, darubini haina habari. Jambo hili sikuliona katika tangazo lolote la biashara, na kwa watu wa kipato chetu, ambao mara nyingi hununua bunduki iliyokwisha kutumika, nadhani lina uzito kuliko idadi ya mara ambazo kioo kinakuza.

Tatu, na hili lilinishangaza zaidi, kunguru haji kwenye hatua 12. Huja kwenye hatua 4, mlangoni mwa banda. Darubini imeinuka karibu sentimita 4 juu ya mtutu. Mahali ulipoisawazishia, jicho na risasi hukutana. Karibu zaidi ya hapo, risasi bado iko chini inapanda. Tulijaribu kwenye hatua 4: msalaba ulikaa katikati ya karatasi, tundu likatokea chini kwa upana wa kidole. Picha nayo ilikuwa ya ukungu, kwa maana darubini za namna hii hutengenezwa kuona vizuri vitu vya mbali. Zipo zenye kifundo cha kurekebisha umbali, mpaka mita 10 hivi, lakini bei yake inashinda ya kuku wote wa mzee pamoja na banda.

Sitaji unyevu wa pwani yetu isipokuwa kwa kupita. Wapiga picha wa magazeti wanajua jinsi kuvu inavyoota ndani ya lenzi hapa Dar es Salaam. Kijiti cha chuma kikishika kutu unakifuta kwa mafuta.

Lililotokea saa kumi jioni ndilo lililonifanya niandike. Kunguru mmoja alitua juu ya ukuta upande wa jirani, akakaa ubavu, ametulia. Kijana akainua bunduki. Darubini ya mara 4, kwenye mita 10, inakuonyesha duara lenye upana wa karibu mita moja tu. Ndani ya duara lile alimwona kunguru, na unyoya mmoja mmoja wa shingoni mwake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni sina kitu mkononi, na kwa macho yangu mawili niliona nyuma ya ukuta tawi la mpera likitikisika, kisha mkono mdogo, kisha kichwa cha mtoto wa jirani aliyekuwa anapanda kuchuma mapera. Hakuwa ndani ya duara. Alikuwa nje yake kwa kiasi cha hatua moja, naye alikuwa anakuja.

Nilipiga ukelele. Kunguru akaruka. Kijana akaushusha mtutu ukatazama ardhini, na alipomwona mtoto akakaa chini pale pale kwenye udongo. Mtoto akatuamkia, “Shikamooni,” akaendelea kuchuma mapera yake.

Msomaji wangu, risasi ile ndogo inaweza kuruka zaidi ya mita 100 na bado ikatoboa jicho. Nami nakiri kwamba kosa lilianza kabla ya darubini: hapana mtu anayestahili kupiga kitu kilicho juu ya ukuta wa jirani, alenge kwa chombo chochote kile. Sisi watatu, watu wazima, tulikuwa tumeshinda tukipima matundu kwa kiberiti na hatukuwa tumesema mahali ambapo bunduki haielekezwi. Lakini vilengeo vya kawaida huliacha jicho likiona uwanja mzima juu ya mtutu na pande zake. Darubini hulifunga jicho ndani ya bomba. Mwindaji wa nyikani, ambaye mbele yake pana kilometa za majani matupu, hapotezi kitu kwa kufungwa hivyo. Katika Segerea, Kimanga au Kinyerezi, ambako ukuta wangu ndio ukuta wako, kinachotokea nje ya lile duara kina thamani kuliko kilicho ndani yake.

Mzee alikuwa wa kwanza kusema. Alisema bunduki ifungwe kabatini mpaka kesho yake, na kwamba hata kesho yake haitaelekezwa tena juu ya usawa wa goti. Hakumgombeza mwanawe. Alimwambia aende akamwombe radhi mama wa yule mtoto, ingawa mama mwenyewe hakujua kilichotaka kutokea. Kijana alikwenda.

Lakini jicho la mzee bado lilikuwa lile lile. Nikakumbuka jambo ambalo unaweza kulijaribu sasa hivi ukiwa umeshika gazeti. Toboa karatasi kwa ncha ya pini, weka tundu lile karibu kabisa na jicho, kisha usome herufi hizi kupitia tunduni bila miwani. Zitakolea. Tundu dogo huzuia miale inayotawanyika, na lile jicho lililokakamaa hupata nafuu kwa muda. Wapiga shabaha wa michezo wanaitumia kanuni hiyo hiyo. Mashindano ya bunduki ya upepo ya mita 10 yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, na tangu hapo darubini haziruhusiwi. Mpigaji hulenga kupitia tundu dogo kwa nyuma na kiduara kwa mbele, na alama ya katikati anayoitafuta ina upana wa nusu milimita. Ni kitone cha kalamu. Nilipomweleza mzee habari hizi alinyanyuka kitini.

Kilengeo cha tundu hufungwa kwenye mifuo ile ile ya juu ya silinda inayobana darubini, karibu na jicho. Hakina kioo cha kupasuka, na pembeni mwake bado unaona uwanja. Kijana alikitafuta akakipata kwa bei ambayo ni chini ya nusu ya darubini. Juzi mzee alipiga tena risasi 10 kwenye gunia la mchanga, hatua 12. Hakufikia kiberiti cha mwanawe, lakini sahani imekuwa kisahani cha kikombe, na kijiti cha mbele, kwa maneno yake, “kimerudi kuwa kijiti.”

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, jibu langu kwa mtu wa mjini ni hili. Mwenye jicho zima na atumie vilengeo vilivyokuja na bunduki, ajifunze navyo kwenye gunia la mchanga angalau mwezi mzima. Mwenye jicho lililochoka na ajaribu tundu. Darubini mwachie mwenye shamba pana, bunduki iliyo imara na fedha ya kununua ile iliyo bora. Najua wapo watakaobisha, hasa vijana, na barua zao nitazipokea. Ila wale wenye watoto nyumbani wasisahau kwamba risasi zenyewe ni sumu: zisikae ovyo mezani, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Na kunguru? Mzee amefunika ua wa vifaranga kwa wavu wa waya, juu na pande zote. Kazi hiyo ilimchukua nusu siku na haikuhitaji shabaha. Vifaranga wanne wangali wanne. Kunguru wamehamia juu ya mwembe, na anasimulia kwamba akitoka na fimbo hawajali, akitoka na gazeti hawajali, akigusa tu mlango wa kabati lenye bunduki huruka wote.

Darubini haikurudi dukani. Imechukuliwa na mjukuu wake wa darasa la nne, ambaye usiku hukaa nayo kwenye ngazi akiutazama mwezi. Nimemkanya asije akaielekeza kwenye jua.